Chambo bandia kizito zaidi, bila kuyeyusha risasi jikoni

Mvuvi wa mshipi anajua thamani ya gramu mbili tatu. Chambo bandia kinachoelea hakimfikii chewa aliyejificha mwambani, na kilicho chepesi mno hakifiki mbali kikirushwa dhidi ya upepo wa kusi. Kwa hiyo wengi hukibadili wenyewe nyumbani, na wana haki. Ninachokipinga ni njia moja tu, ile ya kuyeyusha risasi, yale madini mazito, kwenye jiko la nyumbani, hasa iliyotolewa kwenye betri kuukuu za magari.

Sababu ya kuipenda risasi inaeleweka. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 11.3, wakati ya chuma haifiki gramu 8. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na jiko la mkaa hufika hapo bila shida. Urahisi huo ndio umeiingiza majumbani.

Watu wengi huogopa moshi peke yake. Moshi una madhara, lakini kinachodumu nyumbani ni vumbi. Ule utando wa kijivu unaoenguliwa juu ya risasi iliyoyeyuka ukikauka huwa unga laini, unaotua sakafuni, kwenye nguo, kwenye vyombo na kwenye udongo wa uani. Mtoto anayetambaa huugusa, kisha hutia vidole kinywani. Utumbo wa mtoto mdogo unaweza kufyonza karibu nusu ya risasi anayoimeza, wakati wa mtu mzima hufyonza takriban sehemu moja ya kumi. Mwili huichukua kama vile ni kalisi na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi, na kwa mama mjamzito hutoka humo ikamfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Huko Thiaroye-sur-Mer, mtaa wa wavuvi pembeni mwa Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Uchunguzi ulielekeza kwenye risasi ya betri za magari: watu walikuwa wakizivunja na kuchekecha udongo mitaani mwao ili kupata vipande vya kuuza. Ndugu na mama zao waliopimwa nao walikutwa na risasi nyingi mno katika damu. Hapa kwetu, wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa waliathiriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri jirani na nyumba zao, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kiwanda si sufuria ya mvuvi, lakini katika chumba kidogo chenye watoto hazihitajiki risasi nyingi ili kuwadhuru.

Ipo pia hatari ya papo hapo. Wanaomimina kwenye mchanga wa ufukweni wenye unyevu wajue kwamba tone la maji likifunikwa na risasi ya moto hugeuka mvuke ghafla, na madini hayo huruka hadi usoni na machoni.

Sasa, uzito uongezwe vipi? Anza na ndoana. Kubadili ndoana na pete zake kwa zilizo nene zaidi mara nyingi hutosha. Ikiwa bado, zungushia waya wa shaba kwenye shina la ndoana ya tumboni, mizunguko michache kwa wakati, kwani huweza kufunguliwa ukikosea. Shaba ni nzito kuliko chuma. Usitumie waya wa kulehemu usiojua umetengenezwa kwa madini gani. Wa aina ya zamani huwa na risasi kiasi cha asilimia 40. Kwa chambo cha mbao, toboa tumbo, weka gololi ya chuma ya beringi, kisha ziba kwa gundi ya epoksi. Cha plastiki chenye uwazi ndani usikitoboe ovyo, kitajaa maji.

Uzito ukae chini, kati ya kichwa na katikati ya tumbo. Ukiuweka mgongoni chambo hupinduka. Mkiani, huning'inia na kupoteza mchezo wake. Kipime kwenye ndoo yenye maji ya pale unapovua, jambo ambalo wengi hulipuuza. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5. Chambo cha gramu 20 kinachotulia katikati ya maji ya Ziwa Victoria, baharini kitahitaji karibu nusu gramu zaidi ili kitulie vilevile. Mizani ndogo kama ya sonara itakusaidia sana.

Wenye machubwi (vizito vya mshipi) ya risasi tayari wasiyabane kwa meno, wasiyaweke mfuko mmoja na chakula, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa machubwi madogo ya risasi mwaka 1987, baada ya batamaji wengi kufa kwa kuyameza.

Kama umekuwa ukiyeyusha risasi nyumbani, acha leo. Sufuria hiyo isirudi kupikia. Usifagie vumbi likiwa kavu. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kisha nenda hospitali na watoto na mjamzito wa nyumbani, hata kama hawaumwi. Maumivu ya tumbo, choo kigumu, upungufu wa damu na ugumu wa kujifunza hudhaniwa ni mambo mengine, na vipimo vya kawaida vya damu havionyeshi risasi. Mwambie daktari waziwazi kwamba mmekuwa mkiyeyusha risasi, na uombe kipimo chake. Kikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kiondolewe.