Tiki ya bluu sio muhuri wa serikali

Kuna ile meseji haiishi kwenye magrupu, eti akaunti ya taasisi ya umma ikiwa na tiki ya bluu (ile alama pembeni ya jina la akaunti kwenye mitandao ya kijamii) basi ni ya kweli, na isiyo nayo ni ya matapeli. Sio hivyo jamani. Zamani ilikaribia ukweli, maana tiki ilitolewa bure kwa akaunti zinazojulikana baada ya kukaguliwa, ndo maana wengi bado wanaiamini, ila kuanzia 2022 na 2023 baadhi ya mitandao mikubwa imekuwa ikiiuza kwa malipo ya kila mwezi. Na ofisi nyingi tu za kweli, hasa zile ndogo, hazina tiki yoyote.

Kucheki sio kazi: usianzie kwenye posti, anzia kwenye tovuti rasmi ya taasisi, andika anwani mwenyewe, shuka mpaka chini mara nyingi utakuta linki za kurasa zao, bonyeza uone kama inakupeleka kwenye akaunti ileile. Mitandao mingine inaonyesha pia ukurasa ulifunguliwa lini na umebadilishwa jina mara ngapi (hii wengi hawaijui, na inaumbua matapeli kweli). Wakikuomba nywila inboksi, toka, tiki iwepo isiwepo. Na ile meseji ya tiki ikikufikia usiiforwadi, mweleweshe tu taratibu aliyekutumia.