Viungo wawili, mita 68: kilichoiangusha United ya Amorim

Bruno Fernandes si mchezaji wa kupangwa katikati mnapocheza na viungo wawili. Nimelisema hili barazani tangu kocha Ruben Amorim atue Old Trafford kuifundisha Manchester United Novemba 2024, na wengi walinijibu kwa hesabu ya magoli na pasi za mwisho, kana kwamba namvunjia heshima nahodha wetu. La hasha. Bruno ametubeba tangu alipotoka Sporting Januari 2020, na nampenda kama mnavyompenda. Ninachosema ni kwamba mchezaji huwekwa pale ubora wake unapoonekana na upungufu wake unapositirika, na sisi tulimweka mahali palipofanya kinyume kabisa.

Mimi ni kocha wa vijana hapa Mombasa na ni Mashetani Wekundu damu. Nataka tulipitie jambo hili taratibu, kwa sababu ubishi wetu wa maskani huishia kwenye majina ya viungo wetu: mtoe Ugarte, muweke Mainoo, muuze Casemiro. Hatuulizi huyo anayeingia atasimama wapi, na nani atakuwa kando yake.

Tuanze na uwanja wenyewe. Upana wa uwanja kamili ni mita 68. Ukiwapanga viungo watatu mstari mmoja, kila mmoja ana kama mita 23 za kulinda. Ukiwapanga wawili, kila mmoja ana mita 34. Tofauti ni mita 11, ambao ndio umbali wa kutoka alama ya penalti hadi golini. Hakuna binadamu anayekimbia mita 11 haraka kuliko pasi ya chini iliyopigwa vizuri. Kwa hiyo kila mpinzani aliyekuja na viungo watatu alikuwa na mtu mmoja huru katikati, tena bila kufanya ujanja wowote. Alitulia tu, akahamisha mpira upande huu, akaurudisha upande ule, mpaka yule mtu huru akageuka nao akiwa anatazama goli letu.

Sasa mfumo wa Amorim wa 3-4-2-1, yaani mabeki watatu, viungo wawili na wingibeki wawili pembeni yao, namba kumi wawili nyuma ya mshambuliaji mmoja, una dawa zake za tatizo hilo, na yeye anazijua kuliko mimi. Dawa ya kwanza ni mmoja wa wale namba kumi wawili ashuke awe kiungo wa tatu. Sawa, lakini akishuka, beki wa pembeni wa mpinzani anabaki bila mtu, anapanda na mpira mpaka wingibeki wako alazimike kutoka, na nyuma ya wingibeki winga wao anasubiri. Dawa ya pili ni beki mmoja wa kati atoke nyuma amfuate yule kiungo huru. Hii inataka beki mwenye kasi na moyo, maana akichelewa nusu sekunde ameacha shimo nyuma yake na mshambuliaji analiona. Dawa ya tatu, timu yote ishuke chini, namba kumi wote wawili wajipange sambamba na viungo, mcheze 5-4-1. Hapo katikati mnakuwa wanne na mita zinapungua. Lakini hapo pia umekubali kuutoa mpira, na mashabiki wa Old Trafford hawana subira na timu inayoutoa mpira nyumbani kwake.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kosa lilikuwa mabeki watatu. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Chelsea ya Antonio Conte ilichukua ubingwa wa Uingereza msimu wa 2016/17 na mabeki watatu na viungo wawili, lakini mmoja wa hao wawili alikuwa N'Golo Kanté, mtu wa kukimbia na kukaba kwa wawili. Bayer Leverkusen ya Xabi Alonso ilimaliza ligi ya Ujerumani 2023/24 bila kufungwa hata mechi moja, na ilicheza 3-4-2-1. Crystal Palace ya Oliver Glasner ilibeba Kombe la FA 2025 kwa kuifunga Manchester City 1-0, mfumo ni ule ule. Na Amorim mwenyewe aliipa Sporting ubingwa wa Ureno mara mbili, 2020/21 na 2023/24. Itazame ile Sporting ya mwisho: katikati ana Hjulmand na Morita, watu wa kukimbia na kukaba, na mechi nyingi za ligi ya Ureno wapinzani wanarudi nyuma kujilinda. Ukicheza na timu iliyojaza watu kwenye boksi lake, viungo wawili wanakutosha, kwa sababu hakuna anayekushambulia katikati. Uingereza hata timu inayopigania kutoshuka daraja inakuja na viungo watatu wenye mapafu.

Matokeo ya msimu wa 2024/25 mnayajua. Nafasi ya 15, pointi 42, kufungwa mechi 18. Chini ya Amorim, mechi 27 za ligi zilitupa pointi 27. Kisha Bilbao tukapoteza fainali ya Europa League kwa Tottenham, 1-0. Sitaki kuirudia ile usiku, kila aliyekaa hadi mwisho anaikumbuka.

Kuna goli moja ambalo huwaonyesha vijana wangu kwenye simu, nalisimamisha, nalirudisha nyuma, nalisimamisha tena. Ni la Phil Foden wa Manchester City, uwanjani kwao Etihad, tarehe 14 Septemba 2025, siku tuliyochapwa 3-0. Wengi hutazama mpira, na mpira uko pembeni kwa winga wao Doku. Nawaambia wasiuangalie mpira, wamwangalie Foden. Anaanzia katikati, anatembea, anachungulia, anapoona Doku amepata njia anachapuka kuingia boksi. Mtu wa kumfuata pale alikuwa Bruno. Bruno anafuata hatua kadhaa, kisha anapunguza mwendo, na Foden anapiga kichwa bila kuguswa. Ukimlaumu Bruno peke yake hujautendea haki mchezo. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote ya mpira amefundishwa kwamba timu ikishambuliwa yeye abaki juu kidogo, atafute mahali pa kupokea mpira ukirudi. Leo unamtaka awe wa mwisho kuliacha eneo la hatari. Akili inaenda kulia, miguu inaenda kushoto.

Na ana tabia nyingine, ambayo akiwa namba kumi ni neema: akiona kipa au beki wa mpinzani ameshika mpira vibaya, anamrukia. Akiwa juu, nyuma yake kuna viungo wawili wa kuziba. Akiwa yeye mwenyewe ni mmoja wa wale wawili, kila akiruka anamwacha Casemiro peke yake na mita 68 zote. Casemiro amezaliwa 1992. Anasoma mchezo kuliko karibu kila mtu uwanjani, lakini kusoma hakumpi miguu ya mwaka 2016.

Vijana wangu wameyaelewa haya kwa miguu yao kabla ya kuyaelewa kwa masikio. Pale Tononoka tunapofanyia mazoezi hupanga chupa za maji nikatengeneza mstatili, nikaweka viungo wawili wa fulana nyekundu na watatu wasio na fulana, na kila upande mtu wa kuwapa mpira. Kazi ya wale wawili ni moja tu, mpira usipite katikati yao. Dakika ya kwanza wanacheka. Dakika ya tatu wanapumua kwa mdomo, mikono kiunoni, na mpira unapita kila safari. Mmoja aliniambia, "Kocha, nikimfuata huyu, yule anabaki." Nikamwambia, ndio kijana wangu, umeona sawasawa, na kosa si lako. Kisha nikamwongeza beki mmoja nyuma yao na kumruhusu atoke akimwona yule wa ziada. Mara mbili akafanikiwa. Mara ya tatu akachelewa, mpira ukapigwa alipotoka yeye, na goli likawa wazi.

Baada ya zoezi kama hilo, orodha ya kikosi unaisoma kwa jicho jingine. Chukua suala la Kobbie Mainoo, ambalo limewaumiza watu wengi hapa kwetu, nami nikiwa mmoja wao. Huyu ni kijana aliyefunga goli la ushindi fainali ya FA ya 2024 dhidi ya City, na wiki chache baadaye, akiwa na miaka 19, akaanza fainali ya Euro akiwa na jezi ya Uingereza. Msimu wa 2025/26 chini ya Amorim hakuanza hata mechi moja ya ligi. Watu walidhani ni chuki. Amorim alilieleza mwenyewe mwezi Agosti: Mainoo anagombania nafasi na Bruno. Fikiria maana yake. Viti vya katikati ni viwili. Kimoja ni cha nahodha, hakiguswi. Cha pili lazima akalie mtu wa kukaba na kufunika nafasi zinazoachwa na nahodha, yaani Casemiro au Ugarte. Mainoo sifa yake ni kupokea mpira mtu akiwa mgongoni, akageuka, akatoka nao. Hana kiti. Kwa hiyo uamuzi mmoja, wa kumshusha Bruno, ukamfungia njia kijana, ukamchosha mzee, na ukamtoa Bruno pale anapotoa pasi za mwisho. Watu watatu wameharibikiwa kwa mpango mmoja.

Manuel Ugarte nitampitia haraka. Ameshawahi kucheza chini ya Amorim kule Sporting, anakaba kweli kweli, lakini akishapokonya mpira anautoa nyuma au pembeni. Timu yenye viungo wawili haiwezi kuwa na mmoja asiyepiga pasi ya mbele.

Haki itendeke: kuna siku mpango ule ule ulifanya kazi. Oktoba 19, 2025, Anfield kwa Liverpool, tulishinda 2-1, goli la Mbeumo dakika ya pili na kichwa cha Maguire dakika ya 84 kutokana na krosi ya Bruno. Ushindi wetu wa kwanza pale tangu Januari 2016. Siku ile katikati walikuwa Casemiro na Bruno. Ila kipa Lammens hakulazimisha pasi fupi, alipiga mipira mirefu, na timu ilishuka pamoja, wale wa mbele wakarudi kuwasaidia viungo. Umbali kati ya mtu na mtu ulikuwa mfupi. Niliporudia kuitazama mechi hiyo, nilimwona Bruno mara nyingi ana mwenzake karibu kabisa, na hiyo kwenye kipigo cha City hukuiona.

Tatizo la runinga ni hilo, inafuata mpira. Kwa hiyo nawashauri wanaotaka kuujua mchezo waende uwanja wa Mbaraki timu ya Bandari inapocheza nyumbani, waache kuutazama mpira kwa dakika tano tu, wawatazame viungo wasio nao. Unawaona wote ishirini na wawili kwa jicho moja, unaona nani amechelewa na nani ameachiwa mzigo. Kwenye skrini ya banda la mpira huwezi.

Amorim alishasema hata Papa wa Roma hawezi kumbadilishia mfumo wake. Lakini siku ya Boxing Day 2025, Bruno akiwa majeruhi, alipanga mabeki wanne dhidi ya Newcastle na tukashinda 1-0. Mechi iliyofuata akarudi kwenye watatu, tukatoka 1-1 nyumbani na Wolves waliokuwa wakishika mkia. Sikuielewa hiyo na bado siielewi. Januari 5, 2026 akafutwa kazi.

Kisha akaja kocha Michael Carrick, na hapa kuna swali zuri nililoulizwa na mzee mmoja wa barazani: si huyu naye alianza na viungo wawili, Casemiro na Mainoo? Ndio mzee wangu, lakini angalia timu ikiwa haina mpira. Mawinga wanarudi kwenye mstari wa wale wawili, wanakuwa wanne, kila mmoja na mita 17. Mbele yao yuko Bruno, huru kumrukia kiungo wa chini wa mpinzani bila kumwacha mtu yeyote yatima. Mechi ya kwanza ya Carrick tuliifunga City 2-0 Old Trafford, na goli la Mbeumo lilitokana na pasi ya Bruno.

Kazi iliyobaki ni ya sajili. Mainoo anahitaji mwenzake wa miaka ijayo, na majina yanayotajwa mitandaoni mengi ni ya watu wanaopendeza wakiwa na mpira. Mimi namtaka anayekubali kukimbia mita ambazo hakuna kamera inayozionyesha: mrefu kidogo kwa ajili ya mipira ya juu, mwepesi wa kurudi, na akishapokonya autoe mbele kwa mguso wa kwanza au wa pili. Asiwe na umri wa Casemiro, asiwe na woga wa Ugarte. Na akipatikana, tafadhali, Bruno asirudishwe chini kumpisha.