Sanamu ya Kimathi na kamera zisizojulikana

Sanamu ya Dedan Kimathi, mpigania uhuru wa Kenya, iliyosimamishwa katikati ya Nairobi mwaka 2007, haikosi mtu wa kuipiga picha. Simu hii ina lenzi pana, ile imevuta karibu, ya tatu kioo chake kimekwaruzika. Je, mchanganyiko huo unaweza kuzaa umbo la pande tatu ilhali hatujui sifa za kamera hata moja?

Unaweza. Kompyuta hutafuta alama zilezile katika picha mbili: ncha ya bunduki, pembe ya kitako cha sanamu, doa kwenye shaba. Jozi nane za alama zinatosha kukokotoa uhusiano wa picha hizo. Shida ni kwamba kati ya mamia ya jozi zinazopatikana, nyingine ni za uongo, mathalani kofia ya mpita njia au taa ya matatu. Kwa hiyo programu huokota chache kwa bahati nasibu, hukokotoa, kisha huhesabu ngapi kati ya zilizobaki zinakubaliana na jibu. Hurudia hivyo mara nyingi na kushika jibu lenye wafuasi wengi.

Mwaka 1992, watafiti Olivier Faugeras na Richard Hartley, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kuwa umbo linalopatikana hivi huenda likapotoka. Mstari ulionyooka hubaki umenyooka, lakini pembemraba hulegea na kuta sambamba zikakutana. Dawa ni kuongeza picha za pembe tofauti na kutumia jambo ambalo ni kweli kwa karibu kamera zote za leo: pikseli zake, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha, ni za mraba. Hapo kamera hujifichua zenyewe.

Ukubwa halisi, hata hivyo, haupatikani kwa hesabu yoyote. Kimathi wa kimo cha kidole, akipigwa picha kwa karibu, hutoa picha zilezile za Kimathi mkubwa. Kwa hiyo laza fimbo ya mita moja kando ya sanamu iwe kipimo.

Zunguka sanamu unapopiga; ukisimama mahali pamoja na kugeuka tu, kina hakitokei. Ukuta wa mawe ya ujenzi ya Ndarugo, wenye alama tele, ni karamu kwa programu, ila majengo ya vioo ni balaa, maana alama zake ni mawingu. Na tafadhali usikate picha kingo kabla ya kuituma: programu nyingi huchukulia kwamba kitovu cha lenzi kiko katikati ya picha.