Baiolojia ya fildi sio utalii jamani

Kuna watu wanadhani mwanafunzi wa chuo Marekani akichukua baiolojia ya fildi, yani kusoma viumbe huko huko wanakoishi, kama maina, yani lile somo dogo la pembeni ya digrii yake kuu, basi anaenda porini kupiga picha ndege na kupumzika. Sio kweli kabisa, na inaniuma kusikia hivyo.

Chukua University of Michigan, wana kituo chao pale Douglas Lake tangu 1909, wanafunzi wanaishi hapo kiangazi na darasa lao ni msitu na ziwa lenyewe. Na hesabu ipo ya kutosha. Mfano unataka kujua bwawa lina vyura wangapi, huwezi kuwahesabu wote, so unakamata 40 unawatia alama unawaachia, siku chache baadae unakamata 50 unakuta 10 wana alama, basi 40 mara 50 gawa kwa 10, makadirio yako ni 200. Ila kama alama zimefutika au vyura wapya wameingia hapo katikati namba inakudanganya, na kwangu kulijua hilo ndio ugumu wenyewe, kukamata chura ni rahisi.

Wengine wanasema maina hii haimfai asiyesoma baiolojia kama digrii kuu. Inamfaa sana, wa takwimu, wa jiografia, hata wa uandishi wa habari, anajifunza kutambua mimea na kuandika daftari lenye tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Masharti tu yanatofautiana, vyuo vingine wanataka upite kwanza baiolojia ya utangulizi, so uliza kabla hujajisajili.