Mwacheni wa mwaka wa kwanza ashike kioo

Wiki mbili zilizopita mkuu wa idara ya fizikia alinipigia simu. Chuo chake, kama vingi ninavyovisaidia hapa Marekani, kilianzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi enzi walipofungiwa milango kwingine. Amepata fedha za kujenga kituo cha utafiti wa optiki, yaani sayansi ya mwanga, na alitaka tupange meza, leza na umeme. Tulipofika kwenye wanafunzi, akaanza maneno ambayo siku hizi naweza kummalizia mtu kabla hajafika mwisho: "Wa shahada ya kwanza tutawaingiza maabara mwaka wa nne. Kabla ya hapo wataharibu vifaa, na wengi hesabu zao bado hazijakaa sawa."

Nimelijibu hili kwa simu mara nyingi mno. Leo naliandika.

Mwaka wa nne hutakuwa na wa kumwingiza. Mwanafunzi ambaye kwao hakuna aliyewahi kusoma sayansi huamua kubaki au kuhama fizikia katika miaka miwili ya mwanzo. Na katika miaka hiyo anachokiona ni tofali linaloteleza kwenye mteremko, ubaoni. Jioni anakwenda kupanga bidhaa dukani ili alipe kodi ya chumba. Hakuna aliyemwonyesha kwamba fizikia ni kazi ya mikono, kazi ya watu, na kwamba yeye ni mmoja wao. Kituo kinachosema kipo kwa ajili ya vijana kama huyu halafu kinamfungia mlango miaka mitatu, kipo kwa ajili ya nani?

Tuje kwenye hofu ya kuharibu. Kioo cha kawaida cha maabara, kile cha kuakisi mwale wa leza, cha ukubwa wa sarafu kubwa, kinauzwa kwa makumi ya dola. Kinachokiharibu ni kidole: mafuta ya ngozi yakibaki juu ya utando wake mwembamba unaoakisi mwanga, leza yenye nguvu ikipita hapo inauunguza, na utando ulioungua hauponi. Basi mfundishe. Avae glavu, akishike kioo ukingoni, asikipulizie kwa mdomo. Kusafisha, atone tone la methanoli kwenye karatasi ya lenzi, aivute mara moja tu kwa mwendo mmoja, kisha aitupe. Ni somo la asubuhi moja. Vifaa vya ghali kweli nilivyoona vikiungua viliunguzwa na watu wenye digrii za uzamivu, usiku wa manane, wakikimbizana na tarehe ya mkutano.

Na hesabu? Kazi ya kwanza ninayompa mgeni ni kupitisha mwale kwenye vitundu viwili vilivyosimamishwa kwa kuachana juu ya meza, kwa kutumia vioo viwili. Kioo cha kwanza kinauelekeza mwale kwenye kitundu cha karibu, cha pili kwenye kile cha mbali. Ukirekebisha kioo cha pili, mwale unahama kwenye kitundu cha karibu. Unarudi, unakwenda, unarudi, na kila mzunguko kosa linapungua. Kalkulasi haihitajiki hata kidogo. Kinachohitajika ni subira, na nimewaona vijana waliolelewa wakisuka nywele au wakitengeneza magari na wajomba zao wakiimaliza kazi hiyo mapema kuliko wenye alama za juu.

Wiki inayofuata namwachia ajenge intaferomita ya Michelson, chombo cha kupima misogeo midogo mno kwa mwanga. Leza nyekundu ya heliamu na neoni, chini ya miliwati moja. Kioo kinachogawa mwale nusu kwa nusu. Vioo viwili vya kuirudisha miale ikutane tena. Ukutani inatokea mistari ya mwanga na giza. Sasa mwambie mwenzake apite koridoni. Mistari inatetemeka! Mwanga ule una urefu wa wimbi wa nanomita 632.8, na kioo kikisogea nanomita 316 tu mstari mzima unapita. Unywele wa binadamu ni mnene zaidi ya hapo mara mia na zaidi. Hapo ndipo mwanafunzi mwenyewe anauliza: kwa nini nusu ya urefu wa wimbi? Kwa sababu mwanga unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia yake inabadilika mara mbili ya umbali kiliosogea kioo. Hesabu imefika, tena imeitwa na yeye. Mwezi mmoja baadaye anapasha moto fimbo ya aluminiamu iliyoshika kioo, anahesabu mistari inayopita, anapata kiasi ambacho metali inatanuka. Matokeo ya kweli, yake, katika muhula wa kwanza.

Mlipeni kwa saa hizo. Hili silegezi. Msaada wa ada ni mzuri, lakini kijana aliyelipiwa ada bado anahitaji nauli na chakula, na duka litamchukua jioni zake. Saa kumi kwa wiki za ujira wa maabara zinamrudisha mezani kwenu. Katika bajeti, nawaomba watu wauweke ujira huu na mshahara wa fundi sanifu juu kabisa, kabla ya leza kubwa. Wengi hufanya kinyume. Nimeingia katika maabara yenye leza ya mamia ya maelfu ya dola iliyofunikwa shuka, kwa sababu aliyekuwa akiijua aliondoka na hakuna kijana aliyefundishwa kando yake.

Dhana ya pili huja kwa sauti ya chini: kwamba kuwasaidia wanafunzi hawa ni kushusha kiwango. Wanaosema hivyo hawaijui historia ya fani yao. Elmer Imes alisoma Fisk, chuo cha Wamarekani Weusi kilichoko Nashville, akapata uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1918. Vipimo vyake vya infraredi (mwanga usioonekana uliopo baada ya mwekundu), vilivyochapishwa 1919, vilikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba mzunguko wa molekuli nao unafuata kanuni za kwanta, yaani nishati yake huenda kwa hatua hatua. Akarudi Fisk mwaka 1930 kuongoza fizikia. Mwanafunzi wake James Lawson naye akaenda Michigan, akapata uzamivu, akarudi, na mikononi mwake Fisk ikapata spektromita yake ya infraredi, kifaa cha kuchambua mwanga, na maabara iliyojulikana nchi nzima. Mwalimu alimzaa mwalimu, na kituo kikaota hapo. Tangu 2004 Fisk na Vanderbilt, chuo kikuu jirani hapo Nashville, wana mpango wa daraja: mwanafunzi anafanya uzamili Fisk akiwa na wasimamizi pande zote mbili, na lazima asome angalau somo moja la msingi Vanderbilt, darasa lile lile na wanaosomea uzamivu pale. Kipimo ni kile kile. Kilichoongezwa ni muda na mtu wa kumwangalia.

Wazazi wa Kenya na Tanzania walioko huku nao wana lao. "Chuo kidogo cha Weusi, mwanangu ataona leza gani huko?" Ronald McNair alitoka North Carolina A&T, chuo kingine cha Weusi, mwaka 1971, akapata uzamivu wa fizikia ya leza MIT mwaka 1976, kisha akawa mwanaanga. Delaware State ilianza kama chuo kidogo cha watu Weusi mwaka 1891. Leo inatoa uzamivu wa optiki, na Noureddine Melikechi, mzaliwa wa Algeria aliyekijenga kituo chake cha optiki, alikuwa kwenye timu ya ChemCam, chombo kinachopiga mawe ya sayari ya Mirihi kwa leza kutoka mita kadhaa na kusoma mwanga wa cheche zake. Ukimtembelea mwanao, usiulize ukubwa wa chuo. Uliza wanafunzi wa mwaka wa pili wanaingia maabara siku ngapi kwa wiki.

Kuhusu jengo jipya nitasema machache. Si lazima. Chumba cha ghorofa ya chini, mbali na lifti na barabara, chenye joto lisilopanda na kushuka na vumbi kidogo, kinashinda jumba la vioo ghorofa ya nne ambako meza inatikisika kila lori linapopita.

Mwisho ni dhana inayonitia hofu kuliko kuniudhi: kwamba leza usiyoiona haina hatari. Mwale wa nanomita 1064 hauonekani, lakini unapita kwenye mboni na lenzi ya jicho hadi kwenye retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, na hapo unakusanywa kuwa nukta moja. Jicho halipepesi kwa sababu halijaona kitu. Kwa hiyo wa mwaka wa kwanza wanabaki na leza nyekundu ya chini ya miliwati moja, na chumba cha leza kubwa kina taa mlangoni na miwani ya kinga iliyoandikwa urefu wa wimbi inaouzuia. Mkuu wa idara niliyezungumza naye aliniuliza anunue miwani mingapi. Nilimwambia awahesabu wanafunzi pia.