Uongo tunaolishwa kuhusu leba, na ukweli wenyewe

Mimba ikifika miezi nane tu kila mtu anageuka mkunga, mama mkwe ana lake, jirani ana lake, dada wa saluni ana lake, na kwa sababu wote wanakupenda unajikuta unabeba kila unachoambiwa. Mengine ni ushauri mzuri kabisa ila mengine yamewapeleka wenzetu pabaya, ndo hayo nataka tuyaongee hapa kwa uwazi. Na wababa msipite, mengi yanawahusu nyie.

Linaloniuma zaidi ni dawa za kuongeza uchungu. "Kunywa hii kabla hujatoka nyumbani, ukifika leba we ni kusukuma tu." Kuna mizizi, kuna majani, kuna mafuta ya nyonyo, kila ukoo na ya kwake. Watu wanadhani mbaya zaidi itakayotokea ni isifanye kazi. Ukweli ni kwamba baadhi ya hizo dawa zinafanya kazi kweli na hapo ndo hatari ilipo, zinabana mfuko wa uzazi kwa nguvu na kwa kufuatana na hakuna anayejua umemeza kipimo gani. Mtoto anapata hewa vizuri pale mfuko unapolegea kati ya uchungu mmoja na mwingine, sasa usipolegea anaanza kukosa hewa humohumo ndani, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka, hasa kama umeshazaa mara nyingi au una kovu la oparesheni. Hospitali nao wana dawa ya kuongeza uchungu, inaitwa oksitosini, lakini inaingia kwa dripu tone kwa tone huku mkunga anasikiliza mapigo ya mtoto, ikizidi anaifunga. Ya kikombe ukishaimeza nani ataifunga? Na ukienda hospitali umeshakunywa ukanyamaza, wao wanaweza kukuwekea dripu juu yake bila kujua. Kama umeshakunywa mwambie mkunga, hata kama unaogopa kufokewa, fokewa uishi.

Lingine watu hawalisemi hadharani lakini lipo sana: "uchungu umekwama huyu, alitembea nje ya ndoa, ataje majina ndo mtoto atoke." Yaani mwanamke yuko kwenye maumivu makali kuliko yote aliyowahi kuyapata halafu anawekwa kikao. Leba inakwama kwa sababu za mwili tu, aidha uchungu hauna nguvu ya kutosha, au mtoto ni mkubwa au amekaa vibaya, au nyonga ni nyembamba kwa huyo mtoto. Kutaja majina hakumgeuzi mtoto. Kinachopotea ni masaa, na uzazi pingamizi ukikaa masaa mengi kichwa cha mtoto kinakandamiza nyama iliyopo kati ya njia ya uzazi na kibofu, damu haifiki, nyama inakufa na linabaki tundu mkojo unavuja mchana na usiku. Hiyo ndo fistula, na mara nyingi mtoto naye anakuwa ameshafariki. Inatibika, hospitali ya CCBRT pale Dar wanaifanyia upasuaji bila malipo, lakini kinga yake ilikuwa ni kumwahisha tu yule mama kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji wakati watu wako kwenye kikao cha majina.

Ndo maana pia sikubaliani kabisa na wanaosema aliyepasuliwa ni mvivu wa kusukuma. Mtoto asiyepita hapiti hata usukume vipi. Na ile ya "ukipasuliwa mara moja basi wote watatoka kwa kisu" sio sheria, wengi waliopasuliwa mara moja wanaweza kujaribu kujifungua kawaida mimba inayofuata, inategemea kovu limekaa wapi na walipasuliwa kwa sababu gani, na lazima iwe hospitali inayoweza kukuingiza chumba cha upasuaji haraka kovu likileta shida. Zahanati ya jirani sio mahali pake hata kama nesi wake ni rafiki yako.

Sasa tuje kwenye kwenda hospitali. Wengi tumekariri ya kwenye muvi, chupa inapasuka ghafla sebuleni, mbio, nusu saa mtoto huyu hapa. Kwa walio wengi uchungu ndo unaanza, unakuja unapotea, unarudi, na chupa inapasuka baadaye uchungu ukishakolea. Mimba ya kwanza hatua hii ya mwanzo inaweza kuchukua muda mrefu sana, kwahiyo ukipimwa njia ukaambiwa ni sentimita 2 tembeatembea kwanza, hujadharauliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unahesabu leba yenyewe kuanzia sentimita 5, na kutoka hapo kwa mimba ya kwanza kawaida haizidi masaa 12. Mwongozo huohuo umesema ile kanuni ya lazima ufunguke sentimita moja kila saa haiwafai wanawake wote, kuna wanaokwenda taratibu na wako salama kabisa.

Ila kuna mambo hayana kusubiri wala kutembeatembea: damu inatoka, maji yametoka hata kama uchungu hakuna (na yakiwa ya kijani ndo kimbia), mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, degedege, au uchungu umeanza kabla ya wiki 37. Mwenye mapacha, mwenye kovu na anayekaa mbali na hospitali nao wasisubiri ukolee.

Tarehe ya matazamio iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ni makadirio tu, wiki 40 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na wachache sana wanajifungua siku ileile. Msianze kumpigia simu kila saa "bado tu?" Ikipita wiki 41 aende akapimwe, waamue kama wamuanzishie uchungu.

Kula je? Kama huna tatizo lolote na hujaambiwa unaandaliwa oparesheni, kunywa na kula vyepesi unaruhusiwa, uji, chai, juisi, leba ni kazi nzito. Kulala chali kitandani muda wote nako sio lazima, tafiti zilipounganishwa zilionyesha wanaotembea na kukaa wima hatua ya kwanza wanafupisha leba kwa zaidi ya saa moja. Kinachokatazwa ni kusukuma kabla njia haijafunguka yote, hapo unachoka bure na mlango wa kizazi unavimba.

Wengine watakwambia hospitali ndo wamama wanafia, bibi zetu walizaa shambani. Bibi zetu walizikwa wengi kwa uzazi ila hao hawapo leo kutusimulia. Kwa takwimu za taifa, wanaojifungulia kwenye vituo vya afya Tanzania walitoka asilimia 63 mwaka 2015/16 wakafika 81 mwaka 2022, na vifo vya wamama vikashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kazi bado ipo lakini mwelekeo unaonekana.

Na begi sio maandalizi yote. Kanga safi, glovsi, pamba, pedi, mpira wa kutandika, nguo za mtoto, sawa, nunueni na muulize kliniki mapema orodha yao. Ila baba jiulize: saa nane usiku gari ni la nani? Hela ya dharura iko wapi? Nani anaweza kutoa damu ikihitajika? Wodi yao inaruhusu mtu wa kukaa naye leba? Na ikitokea dharura kuna mfumo wa usafiri wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unapiga 115 bure, wekeni hiyo namba kwenye simu leo.

Nimalizie na hili, "damu ya uzazi ni uchafu, acha itoke yote." Hapana jamani. Kutoka damu kwingi baada ya kujifungua ndo kunaongoza kuua wazazi duniani, na nusu lita tu inahesabika ni nyingi. Ndo maana mtoto akishatoka unachomwa sindano ya oksitosini uniti 10, mfuko ubane, usiikatae. Utafiti mkubwa wa hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania uliotoka 2023 ulitumia plastiki yenye vipimo chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, na tiba zote zianze kwa pamoja, madhara makubwa ya kutoka damu yakapungua kwa asilimia 60. Kwahiyo usiombe ruhusa mapema eti wageni wanakusubiri nyumbani, kaa angalau masaa 24, na ukiona pedi inalowa chapachapa ndani ya saa moja, au unasikia kizunguzungu, ita nesi saa hiyohiyo hata kama ameshapita mara tatu, na kama uko nyumbani rudi hospitali bila kumsubiri mtu atoe ruhusa.