Skrubu ya Mbele Inapopotea Kwenye Rivolva ya Zamani

Mteja akiniambia "fundi, silinda imenitoka mkononi", nami nikaona aliyoileta ni rivolva ya zamani ya Smith & Wesson, bastola yenye silinda ya kuzunguka inayobeba risasi, macho yangu huenda moja kwa moja upande wa kulia wa bodi, juu kidogo ya mwanzo wa pete ya kifyatulio. Pale panatakiwa kuwa na skrubu. Pakiwa na tundu tupu lililojaa vumbi la Dodoma, ugonjwa umeshajulikana.

Aina ninayoizungumzia hasa ni Victory, iliyotengenezwa Marekani kati ya 1942 na 1945 kwa ajili ya vita. Utaitambua kwa rangi ya kijivu isiyong'aa, mbao laini za mpini, na herufi V mwanzoni mwa namba yake. Nyingi walipewa Waingereza. Namba ipo chini ya mpini, na ukifungua silinda utaikuta tena nyuma ya silinda yenyewe na chini ya mtutu. Nazilinganisha na leseni ya mmiliki kabla sijashika bisibisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina mzaha, na mimi silaha isiyo na karatasi siigusi hata kama kazi ni ya dakika tano. Kisha nahakikisha matundu yote sita ni matupu, kwa macho na kwa kidole.

Sasa skrubu yenyewe. Modeli hii ina skrubu tano kwenye bodi: nne zinashika kifuniko cha ubavuni, ya tano ipo mbele ya pete ya kifyatulio. Zile za ubavuni ukizimwaga mezani unaweza kuapa ni mapacha, lakini ile ya mbele kati ya hizo nne ina kazi mbili: kushika kifuniko na kuzuia silinda isitoke. Ncha yake inaingia kwenye mfereji wa shina la mkono unaobeba silinda. Bila ncha hiyo, ukifungua silinda, mkono unateleza mbele na kila kitu kinakubakia kiganjani. Kiwandani ncha hiyo ilisawazishwa kwa mkono ili ikae na bunduki yake.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote, nafungua skrubu zilizobaki na kuangalia ncha moja moja. Si ajabu kukuta ya mbele ipo, ila mtu aliyesafisha silaha aliirudisha tundu la nyuma. Hapo iliyopotea ni nyingine kabisa, na kuipata ni rahisi zaidi.

Mzee mmoja mfugaji wa Kongwa aliniuliza, "Si uchukue tu ya dukani, mwanangu?" Mzee wangu, skrubu za dukani mjini ni za milimita, hii nyuzi zake ni za inchi. Ukiilazimisha itaingia mizunguko miwili ikijichimbia njia yake, na utakuwa umeharibu bodi, kitu ambacho hakina spea. Fundi wa kerezo anaweza kukata mpya akipewa mojawapo ya zile nzima kama sampuli. Akate shina na kichwa, ncha aiache ndefu kidogo. Ncha ni kazi yangu.

Bisibisi iwe na ulimi ulionyooka na unaojaza mfereji wa kichwa. Ile ya mafundi umeme iliyochongoka kama kabari ndiyo iliyotafuna vichwa vya skrubu nyingi ninazoletewa. Na kifuniko cha ubavuni hakibanduliwi kwa kisu, jamani! Gonga chuma cha mpini wa rivolva kwa kipini cha mbao, kitainuka chenyewe.

Kusawazisha ncha ni kazi ya jiwe laini la kunolea na subira. Kaza skrubu, fungua silinda, uzungushe mkono. Ukiwa mzito, ncha ni ndefu: toa, isugue kidogo, rudisha. Ukisukuma silinda mbele na nyuma ikacheza, umesugua mno. Anza na skrubu nyingine. Kinachosuguliwa ni ncha tu, bodi na mkono haviguswi.

Mafuta ni tone moja. Upepo wetu wa kiangazi ukikuta mafuta mengi unageuza kila kitu tope. Na ile skrubu ya asili ikiokotwa uvunguni mwa kabati miezi sita baadaye, niletee. Kama nyuzi zake ni nzima, hiyo ndiyo nitakayoirudisha, na mpya uitunze kama akiba.